Uzi maalumu: kurasa moja moja za vitabu vya sala vya zama za kati. Namna ya kuzisoma, na kwa nini tusinunue kwa wanaovichana

Mleta mada (Columbus, Ohio)

Salaam wakuu.

Mada hii sijaiona humu, lakini najua wanaoipenda wapo, maana kila nikiigusia kwenye nyuzi za mambo ya kale watu wananifuata faragha. Nakusanya na kusoma kurasa moja moja za vitabu vya sala vya Ulaya vilivyoandikwa kwa mkono, hasa vya Ufaransa na Flanders (sehemu kubwa yake ni Ubelgiji ya leo) karne ya 15. Nikisema "ukurasa" humu nina maana ya kipande kizima cha ngozi, mbele na nyuma.

Kitabu chenyewe huitwa Kitabu cha Saa, yaani saa za kusali za mchana na usiku. Kuanzia karne ya 13 hadi ya 16 walei wa Ulaya Magharibi hawakuwa na kitabu walichokipenda kuliko hiki. Padri alikuwa na breviari yake, kitabu cha sala zake za kila siku, na mke wa mfanyabiashara wa Rouen au Bruges alikuwa na Kitabu chake cha Saa. Ndani mna kalenda ya watakatifu, masomo manne ya Injili, Saa za Bikira Maria tangu usiku mpaka wakati wa kulala, Saa za Msalaba, Saa za Roho Mtakatifu, Zaburi saba za toba, Litania ya Watakatifu, Sala ya Marehemu na maombi kwa mtakatifu huyu na yule. Vya wakubwa vilijaa picha za dhahabu na buluu. Vya watu wa kawaida vilikuwa na herufi za rangi tu, na pengine picha chache. Vilitengenezwa vingi sana, ndiyo maana hata leo vinapatikana sokoni, na ndiyo maana vinachanwa.

Biashara ya kuchana ina hesabu nyepesi. Kitabu cha kurasa 150 kikiuzwa kizima kina mnunuzi mmoja, naye atabishana bei mpaka jasho litoke. Kikichanwa kina wanunuzi 150, kila mmoja ana dola mia chache mfukoni na ukuta wa sebuleni unaosubiri pambo. Kurasa zenye picha zinakwenda kwa maelfu.

Na msidhani wachanaji walikuwa wahuni. John Ruskin, mwandishi mkubwa wa sanaa Uingereza, aliandika kwenye shajara yake Januari 1854 kwamba jioni ile alikata misale, yaani kitabu cha Misa, na kwamba ilikuwa kazi ngumu. Kitabu cha Saa cha Étienne Chevalier, mtunza hazina wa mfalme Charles VII, kilichorwa na Jean Fouquet katika miaka ya 1450, kisha kikaja kukatwa kwa sababu ya uzuri wa picha zake. Leo zinajulikana kurasa 47 tu. Arobaini ziko Chantilly, kaskazini ya Paris, nyingine zimetawanyika: Louvre, Maktaba ya Uingereza, makumbusho ya Metropolitan kule New York, na kwingineko. Ule wa Metropolitan unaonyesha mkono wa Mungu ukitokea juu, mashetani wanatimua mbio angani, waumini wamepiga magoti, na nyuma yao Paris yenyewe, Notre-Dame imesimama kisiwani. Ukiutazama peke yake utasema ni picha ya mji. Ukijua kwamba ulikuwa kwenye Saa za Roho Mtakatifu, ndipo unaelewa ule mkono umekuja kufanya nini.

Huku Ohio kwetu kuna jina moja huwezi kulikwepa: Otto Ege, aliyefundisha sanaa Cleveland na kufariki mwaka 1951. Alinunua miswada, akaichana, akapanga makasha ya kurasa 50 kutoka vitabu 50 tofauti. Yalitengenezwa makasha takribani 40. Mwaka 1938 aliandika makala akijiita waziwazi mharibu vitabu, akajitetea kwamba anawapa watu wa kipato cha kawaida nafasi ya kumiliki kitu cha zama zile. Utetezi huo nimeupima mara nyingi, kwa sababu ni kweli vyuo vidogo vingi vya hapa visingekuwa na hata kipande kimoja bila yeye. Bado naukataa. Mwanafunzi wa Ohio angejifunza zaidi kwa kitabu kizima kimoja kilichotunzwa jimboni kuliko kwa vipande hamsini visivyojuana.

Msimamo wangu basi, ili tusizungushane: ukurasa uliokatwa zamani ni yatima, anastahili kulelewa na kutafutiwa ndugu zake. Ukurasa uliokatwa mwaka jana ni mali ya anayetaka kukata kingine mwaka huu. Wa kwanza nanunua. Wa pili siugusi, hata uwe mzuri vipi.

Nakuja na sehemu ya pili: namna ya kuusoma.

Mleta mada

Naendelea. Nachukua ukurasa wangu mmoja usio na picha yoyote, maana hao ndio wengi wetu tutawamudu.

Urefu kama sentimita 18, upana 13, mistari 16 kila upande. Kabla ya kusoma neno hata moja, uinamishe kwenye mwanga wa pembeni. Upande mmoja una rangi ya maziwa yaliyokaa, na ukitazama kwa kioo cha kukuzia unaona vitundu vidogo vidogo vilivyojipanga: ndipo palipoota manyoya. Ule wa pili ni mweupe zaidi na laini, huo uligusana na nyama. Ngozi ni ya ndama, kondoo au mbuzi. Ililowekwa kwenye maji ya chokaa, ikawambwa kwenye fremu, ikakwanguliwa kwa kisu cha umbo la mwezi mwandamo mpaka ikawa nyembamba hivi. Kwenye kitabu, upande wa manyoya ulitazamana na upande wa manyoya wa ukurasa jirani, na wa nyama kwa wa nyama. Kwa hiyo ukipata kurasa mbili zinazodaiwa kuwa zilifuatana, na moja inaleta manyoya mbele ya nyama, ujue katikati pengine kuna wa tatu aliyepotea.

Mistari ya kuongozea mwandiko ni ya wino wa waridi, myembamba kama uzi. Wino wa maandishi ni kahawia iliyokolea: vinundu vya mwaloni, chumvi ya chuma, na gundi ya mgunga, gundi ileile inayotoka Sudan mpaka leo. Kila aya ya zaburi inaanza na herufi ndogo ya dhahabu juu ya buluu na waridi. Dhahabu hii imeinuka kidogo, unaihisi kwa macho, kwa sababu chini yake kuna tabaka la chokaa na gundi, kisha ikasuguliwa kwa jiwe au jino la mbwa mpaka ikawa kioo. Mstari ukiisha kabla ya ukingo, nafasi iliyobaki imezibwa kwa kipande cha pambo, maana fundi hakupenda shimo kwenye ukurasa wake.

Sasa maneno. Mstari wa kwanza wa mbele: *quoniam iniquitatem meam ego cognosco*. Hata kama Kilatini hukijui, andika maneno matatu kwenye mtandao, itakuja Zaburi ya 50. Kwenye Biblia zetu nyingi za Kiswahili ni ya 51, "Maana nimejua mimi makosa yangu, na dhambi yangu i mbele yangu daima." Vulgata, Biblia ya Kilatini, inahesabu Zaburi nyingi nyuma kwa moja, msichanganyikiwe na hilo.

Wauzaji karibu wote wakiona Zaburi ya 50 wanaandika "Zaburi za toba", wanamaliza kazi. Lakini zaburi hii imo pia kwenye Sala ya Marehemu, ndiyo inayofungua Masifu ya asubuhi. Utajuaje? Geuza ukurasa, nenda mwisho wa zaburi. Kwenye Zaburi za toba itafungwa na *Gloria patri*, Atukuzwe Baba na Mwana, na inayofuata ni ya 101. Kwenye Sala ya Marehemu hakuna Atukuzwe. Wangu, baada ya neno *vitulos*, unasema *Requiem eternam dona eis domine*. Raha ya milele uwape, ee Bwana. Halafu antifona, yaani kiitikio cha zaburi, *Exultabunt domino ossa humiliata*, itafurahi kwa Bwana mifupa iliyopondwa, ambayo imechotwa kutoka zaburi hiyohiyo. Ukurasa ujao, popote ulipo duniani, utaanza na *Te decet hymnus*, Zaburi ya 64.

Mnaona? Bila picha, bila jina la mchoraji, bila gharama, tayari najua ulikaa wapi kitabuni na ndugu yake wa kulia anaanza na maneno gani.

Kona ya chini ya nje ni nyeusi kuliko kwingine. Hapo ni kidole gumba cha mwenye kitabu. Mtafiti Kathryn Rudy amewahi kupima uchafu wa aina hii kwa kifaa, ukurasa kwa ukurasa, ili kujua watu walisali sala zipi zaidi. Ndiyo maana nakasirika nikiona muuzaji anasifia ukurasa kwamba "umesafishwa".

Katekista wa Mbinga

Mkuu, umenigusa. Nimesoma *Requiem eternam* nikajikuta naimalizia mwenyewe, "na mwanga wa milele uwaangazie". Jumamosi iliyopita tumeisali kaburini.

Nina maswali mawili. Hao walei walikielewa Kilatini, au walikuwa wanatazama picha? Na picha zenyewe zilipangwa kwa utaratibu au kila mchoraji kivyake?

Mleta mada

Tumsifu Yesu Kristo, Katekista. Karibu sana.

Wengi walizijua zaburi na sala hizi kwa moyo tangu utotoni, kitabu kikawa cha kuwakumbusha tu. Watoto wengi walijifunzia kusoma humohumo. Na siyo vyote vilikuwa Kilatini kitupu. Vya Ufaransa mara nyingi vina sala za Kifaransa, kama ile ya Furaha Kumi na Tano za Bikira inayoanza *Doulce dame*. Uholanzi walikwenda mbali zaidi: Geert Grote wa Deventer, aliyefariki mwaka 1384, alikitafsiri Kitabu cha Saa kwa Kiholanzi, na vitabu vingi vya kule vinafuata tafsiri yake. Ukikutana na ukurasa wa mwandiko wa Kigothi usio wa Kilatini wala Kifaransa, anza na hapo.

Picha zilikuwa na mpangilio unaojulikana, ingawa mchoraji alikuwa na uhuru wake. Saa za Bikira zinaanza na Malaika Gabrieli kumpasha habari Maria. Masifu ya asubuhi ni Maria kumtembelea Elizabeti. Saa ya kwanza ni kuzaliwa Bwana, ya tatu ni wachungaji, ya sita ni mamajusi, ya tisa ni kutolewa hekaluni. Masifu ya jioni mara nyingi ni kukimbilia Misri, na mwisho ni kuvikwa taji Bikira. Zaburi za toba zina mfalme Daudi akiomba, au Bathsheba akioga. Bathsheba maarufu kuliko wote alichorwa na Jean Bourdichon kwa ajili ya mfalme Louis wa XII mwaka 1498 au 1499, na kitabu hicho nacho kimesambaratishwa. Yeye Bathsheba yuko Los Angeles, kwenye makumbusho ya Getty, na sehemu kubwa ya maandishi ya kitabu iko London.

Kwa hiyo ukipata picha ya wachungaji bila maandishi yoyote, unaweza kusema ilifungua saa ya tatu, na mara nyingi hutakosea.

Mdau wa Kibokoni

Assalaam alaykum. Uzi mzuri, nimeusoma wote. Lakini kaka, niruhusu nikubane.

Huku kwetu Mombasa tumelelewa kwamba msahafu ukichakaa unazikwa mahali pa heshima au unahifadhiwa, hauuzwi vipande. Na yaliyowapata Wazungu yametupata na sisi. Msahafu wa Buluu, ule wa ngozi iliyotiwa nili na maandishi ya dhahabu wa karne ya 9 au ya 10, kurasa zake zimezagaa makumbusho ya dunia nzima, ingawa nyingi zimebaki Tunisia. Siyu, kisiwani Pate, mafundi walikuwa wakinakili misahafu na kuipamba kwa mkono karne ya 18 na ya 19. Mimi naogopa siku moja nitaona ukurasa wa Siyu umetiwa kwenye fremu, unauzwa mnadani Ulaya na jina "kazi ya Kiafrika".

Sasa wewe unasema unapinga kuchana, halafu unanunua. Pesa yako haimfikii mchanaji?

Mleta mada

Waalaykum salaam, Sheikh. Swali la haki hilo, na lazima lijibiwe bila kuzunguka.

Inaweza kumfikia, ndiyo. Soko ni moja. Ndiyo maana sitazami uzuri kwanza, natazama historia ya umiliki. Nauliza: ukurasa huu ulikuwa wapi kabla ya wewe kuupata? Nataka risiti ya zamani, namba ya penseli ya duka lililokwishafungwa, kadi ya fremu iliyogeuka njano, katalogi ya mnada ya miaka hiyo. Muuzaji akinijibu "kutoka mkusanyiko binafsi wa Ulaya" na kuishia hapo, naondoka.

Dalili za mchano mpya zipo, na nawaomba wote wazijue. Ukingo wa ndani, ulikokuwa mshono, unakuwa mkali na mweupe wakati kingo nyingine tatu zimekomaa. Muuzaji anaweka ukurasa mmoja wiki hii, wiki ijayo mwingine wa kitabu hichohicho, mistari ileile, ukingo uleule. Na ukitafuta kidogo unakikuta kitabu chenyewe kiliuzwa kizima mnadani miezi michache nyuma, kina jalada, kina kalenda, kina kila kitu. Hapo umemshika mchanaji mkononi. Mwandikie mnada uliomuuzia, mwandikie mtu wa maktaba anayefuatilia mambo haya, na picha za kitabu kizima zihifadhi kabla hazijafutwa.

Kuna na dalili za wizi: muhuri wa maktaba uliokwanguliwa, namba ya rafu iliyokatwa pembeni. Hizo ni za polisi, si za kujadili bei.

Hofu yako ya Siyu naichukulia kwa uzito mkubwa. Kinga ninayoijua ni picha kamili za kila msahafu, kila ukurasa, zikiwa mahali pa wazi kabla mtu hajaugusa. Kitu kilichokwishapigwa picha kikiwa kizima ni kigumu kukiuza vipande.

Mdau wa Kibokoni

Nimekuelewa. Jibu la picha nalikubali, na nitalipeleka kwa wazee wa hapa wenye misahafu ya familia. La kununua bado silikubali moyoni, ila angalau wewe unauliza maswali.

Mdau wa Arusha

Shukrani kwa madini haya. Mimi ni wa kusoma kimya kimya, leo nauliza: feki zipo? Na hiyo buluu mnayoisifia inatoka wapi?

Mleta mada

Zipo, na moja ni maarufu kiasi kwamba nayo ina wakusanyaji wake. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 kulikuwa na fundi, inaaminika alifanyia kazi Paris, tunayemwita Mghushi wa Kihispania ingawa jina lake halijulikani. Alichukua ngozi za kweli za zama za kati, kwa mfano kurasa za vitabu vya nyimbo, akafuta maandishi, akachora picha tamu za mabinti na mashujaa. Mwaka 1930 Belle da Costa Greene, mkurugenzi wa Maktaba ya Morgan ya New York, alizikusanya pamoja kazi hizi na kuonyesha kwamba ni za mkono mmoja. Kilichommaliza baadaye ni rangi: kijani chake ni aina ya rangi ya shaba na aseniki iliyobuniwa karne ya 19. Kwa macho tu utamshuku kwa nyuso zote kuwa na utamu uleule, na kwa wanawake wa zama za kati waliovaa vifua wazi kuliko zama zao zilivyoruhusu.

Udanganyifu mdogo zaidi, na wa kawaida zaidi, ni kuongeza pambo kwenye ukurasa halisi uliokuwa mtupu. Tazama kama rangi imepita juu ya uchafu wa zamani. Fundi wa karne ya 15 alipaka ngozi safi.

Buluu nzuri kuliko zote ilitoka kwenye jiwe la lapis lazuli, na jiwe hilo lilichimbwa Badakhshan, Afghanistan ya leo. Lilisafiri mpaka Venice, likasagwa, likatenganishwa na takataka zake kwa kukandwa ndani ya donge la nta na utomvu. Ghali mno. Buluu ya bei nafuu ilikuwa ya madini ya shaba. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba walikuta chembe za lapis kwenye ukoga uliogandamana na meno ya mtawa wa kike aliyezikwa Dalheim, Ujerumani, katika karne ya 11 au ya 12. Maelezo waliyoona yana nguvu ni kwamba alikuwa mchoraji, na alikuwa akinyoosha ncha ya brashi kwa midomo. Kabla ya hapo wengi waliamini kazi hii ilikuwa ya watawa wa kiume. Napenda kila anayeshika ukurasa wenye buluu amkumbuke yule mama.

Mdau wa Brussels

Jambo ndugu zangu. Mimi ni wa Lubumbashi, niko Brussels miaka mingi. Nina kurasa mbili, zilikuwa za baba mkwe, zilikaa kwenye fremu ukutani tangu kabla sijaoa.

Wa kwanza una picha ya kuzaliwa Yesu, imepakwa rangi kwa mkono, lakini herufi zake zimenyooka mno. Na chini kabisa pembeni kuna alama kama "b iii". Wa pili hauna picha, una herufi kubwa ya dhahabu na majani majani pembeni. Ni nini hivi?

Mleta mada

Karibu kaka. Tazama herufi "a" kumi kwenye ukurasa wa kwanza kwa kioo. Zikiwa zote sawasawa, hata kasoro zake zinajirudia, huo umechapwa. Ile "b iii" ni alama ya mfunga vitabu kupangia karatasi. Paris kuanzia miaka ya 1480 na 1490 wachapaji walijaza soko Vitabu vya Saa: Philippe Pigouchet akimchapia Simon Vostre, Thielman Kerver, na wengine. Baadhi walivichapa juu ya ngozi, kisha picha zilizochapwa kwa bamba za chuma zikapakwa rangi ili zifanane na kazi ya mkono. Usiudharau. Ni shahidi wa kizazi kilichotaka uzuri wa zamani kwa bei mpya.

Wa pili, nisomee maneno mekundu na mstari unaofuata kila jekundu. Ukiona kifupisho, kimstari juu ya herufi, mara nyingi ni "m" au "n" iliyorukwa. Andika tu unavyoona.

Mhifadhi wa Shangani

Kabla hamjaendelea, kaka wa Brussels, hizo fremu. Nafanya kazi ya kutunza nyaraka hapa Unguja, naona ninachokiona.

Ngozi inavuta na kutoa unyevu kila siku. Ikigusana na kioo rangi inahamia kwenye kioo. Ikibandikwa gundi pande zote haina pa kutanukia, inakunjamana mpaka dhahabu inapasuka. Fungua fremu kwa nyuma, tena mpe fundi anayejua, uone imebandikwa na nini. Inatakiwa ishikwe na vibawa vya karatasi ya Kijapani upande mmoja tu, ndani ya kadi isiyo na asidi, mbali na kioo. Unyevu kati ya asilimia 45 na 55 ndio wa salama. Kwetu pwani bila mashine huufikii, ndiyo maana nawaambia wa Dar, Tanga na Mombasa wasitundike kabisa. Waweke kwenye kasha, wafungue mara kwa mara kuangalia ukungu. Mwanga usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), na jua la dirishani ni marufuku.

Na tafadhalini, msilamineti. Msipige pasi. Msibandike selotepu hata kidogo. Nimeona yote matatu.

Mdau wa Brussels

Asante mama. Nitatafuta fundi wiki hii.

Nimesoma wa pili. Juu kuna *Deus in adiutorium meum intende*, hiyo ndiyo yenye herufi kubwa. Halafu kuna wimbo, halafu jekundu "ant", inafuata *Benedicta tu*. Upande wa nyuma chini kabisa kuna jekundu "cap", na *Felix namque es sacra virgo*.

Mleta mada

Kaka, umepata kitu kizuri kuliko unavyodhani.

*Deus in adiutorium* inafungua karibu kila saa, kwa hiyo yenyewe haitoshi. Lakini Saa za Bikira zilitofautiana kidogo kila jimbo, na tofauti hizo zimeorodheshwa tangu zamani. Mwingereza Falconer Madan ndiye aliyeonyesha kwamba ukijua antifona (hiyo "ant" yako) na somo fupi (hiyo "cap") la saa ya kwanza na la saa ya tisa, unaweza kujua kitabu kilifuata desturi ya mji gani. Roma: saa ya kwanza ni *Assumpta est* na *Quae est ista*. Paris: *Benedicta tu* na *Felix namque*. Wako ni saa ya kwanza, na unasema Paris. Tukipata ukurasa wa saa ya tisa wenye *Sicut lilium* na *Per te dei*, tunafunga kesi ya desturi.

Desturi haitoshi kusema mahali kilipotengenezwa, maana warsha za mji mmoja ziliandikia wateja wa mji mwingine. Kungekuwa na kalenda tungemtafuta Mtakatifu Genoveva tarehe 3 Januari na Dionisi tarehe 9 Oktoba kwa herufi za dhahabu au nyekundu, hao ni wa Paris. Romano tarehe 23 Oktoba ni wa Rouen. Bavo tarehe 1 Oktoba ni wa Ghent, Donasiani tarehe 14 ni wa Bruges. Vitabu vilivyotumika Uingereza vina alama ya peke yake: mwaka 1538 Henry wa VIII aliamuru jina la Mtakatifu Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury, lifutwe, na hadi leo unakuta tarehe 29 Desemba imekwanguliwa kwa kisu.

Katekista wa Mbinga

Na ndugu zake wengine wa kitabu hicho watapatikanaje? Kuna mahali vinaunganishwa?

Mleta mada

Kupo. Fribourg, Uswisi, kuna Fragmentarium, maabara ya mtandaoni ambako maktaba zinaweka picha za vipande, na kurasa zilizotawanyika zinapangwa upya kwenye skrini kwa mfuatano wake. Mfano mkubwa ni Misale ya Beauvais, ya mwishoni mwa karne ya 13. Si Kitabu cha Saa, lakini ndiyo shule yetu wote. Ilikuwa na kurasa 309, ikachanwa mwaka 1942 na muuzaji wa New York, Philip Duschnes, na kurasa nyingi zikapitia kwa Ege. Lisa Fagin Davis amezitafuta kwa miaka na amekwishapata zaidi ya 100. Mwaka 2022 mtu mmoja huko Maine alikuta ukurasa wake kwenye mauzo ya vitu vya marehemu, akaulipia dola 75.

Na kuna waliounganishwa kwelikweli, si kwenye skrini. Kitabu cha Saa cha Catherine wa Cleves, cha Utrecht, kama mwaka 1440, kiligawanywa Paris karne ya 19 kikauzwa kama vitabu viwili. Nusu isiyojulikana ilijitokeza mwaka 1963, na mwaka 1970 nusu zote mbili zikawa chini ya paa moja, Maktaba ya Morgan.

Kaka wa Brussels, ukurasa ukishatoka kwenye fremu fanya hivi, kwa mpangilio wowote. Pima kwa milimita eneo la maandishi peke yake, kutoka mstari wa kuongozea wa juu hadi wa chini, na wa kushoto hadi wa kulia; ukingo wa nje unaweza kuwa ulipunguzwa na mfunga vitabu, eneo la maandishi halidanganyi. Hesabu mistari. Piga picha pande zote mbili, moja ya mwanga wa kawaida, moja ya mwanga wa pembeni. Angalia kama kuna kivuli cha rangi kilichohamia kutoka ukurasa uliokuwa unautazama, hasa kivuli cha pambo la pembeni, na kama kuna matundu madogo ya sindano yaliyozunguka duara, maana watu walishonea humo beji za hija. Geuza na kadi ya fremu pia: jina la duka, namba, bei ya zamani, kila kitu piga picha kabla ya kutupa chochote.

Neno la mwisho la upande wa nyuma ni lipi, na kuna neno dogo limeandikwa peke yake chini ya ukingo? Kama lipo, hilo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata.

Mdau wa Brussels

Lipo! Dogo sana, limekatwa nusu chini. Naona "sacer" halafu ngozi imeisha.

Mleta mada

Somo fupi linaendelea *Felix namque es sacra virgo Maria*, kwa hiyo "sacer" si mwendelezo wa mstari huo wa kwanza. Huenda liko mbele kidogo. Nisomee mistari mitatu ya mwisho yote, herufi kwa herufi, usikisie. Na weka picha ya hiyo kona.